Bango langu la keki Ngamiani halisomeki, nibadilishe fonti?

MpishiKeki: Habari za asubuhi wadau. Nauza keki hapa Ngamiani, Tanga, biashara inaitwa Ng'ara Keki. Mwezi uliopita nilichapisha bango kwa fonti ya Curlz MT, ile ambayo ncha za herufi zinajiviringa kama maua ya piko mkononi mwa bibi harusi. Kwenye kompyuta niliipenda mno, ina furaha ya mtoto anayesubiri kukata keki. Bango lilipotundikwa, wateja wakaanza kuniuliza kama nimetoka Ngara, kule Kagera! Ile alama ya ng' imemezwa na mikunjo, inaonekana kijiua kingine tu. Namba ya simu nayo, mtu akiwa ng'ambo ya barabara haioni. Hela imeshatoka na roho inaniuma. Niing'oe fonti yote, au kuna namna ya kuiokoa?

FundiMabango: Pole dada. Curlz haina kosa, imepewa kazi isiyo yake. Waliichora Carl Crossgrove na Steve Matteson mwaka 1995 kwa ajili ya Monotype, kampuni ya fonti, na kwa kuwa imekuwa ikija na Microsoft Office, stesheneri nyingi wanayo. Inapendeza kwenye maneno mawili matatu makubwa: mwaliko wa besdei, kadi ya arobaini ya mtoto, mfuniko wa boksi la keki. Mistari yake ni myembamba. Ukiipunguza au ukisogea mbali, mikunjo inajiziba na herufi inageuka doa. Namba ya simu weka Arial nene. Alama ya ng' itoe kwenye fonti hiyohiyo iliyonyooka, ikuze, ipe rangi yake.

BintiPongwe: Mimi ningeiondoa kabisa. Abiria wa bajaji anapita mara moja tu, hana muda wa kufumbua fumbo.

Shangazi_Chumbageni: Mwanangu usiitupe. Tandaza kanga yako uitazame. Pindo na mji vimejaa maua, lakini jina lina mahali pake, herufi kubwa zilizonyooka, ua haliligusi. Ndiyo maana tunalisoma hata mwenye kanga akiwa anatembea. Mikunjo iachie jina la duka, hapo ndipo mtoto anapovutika. Mengine yote yanyooshe.

MpishiKeki: Ahsante shangazi, ahsanteni wote. Nimechapa karatasi mbili za A4, nikazibandika ukutani, mdogo wangu akavuka barabara. Ya kwanza, Curlz tupu, kasoma "Ngara". Ya pili, alama nyekundu na namba kwa Arial, kasoma "Ng'ara" bila kusita na namba akaitaja mpaka mwisho. Kwa hiyo bango nabaki nalo, nachapa ukanda wa namba niubandike juu ya ule wa zamani. Fundi, ile alama niichore kwa brashi?

FundiMabango: Hapana, kata stika. Rangi ya brashi kwenye bango la plastiki hubanduka kwa jua letu hili. Na futa vumbi kwanza.