Naomba ushauri: nipime katuni ya Pokémon kwa gemu ipi?

Wakuu, naandaa jedwali la tofauti kati ya katuni ya Pokémon na gemu zake. Katika katuni (1997), Pikachu, kiumbe (Pokémon) wa umeme wa shujaa Ash, anamdhoofisha kwa umeme Onix, nyoka wa mawe wa mpinzani wake Brock, baada ya Onix kuloweshwa na mitambo ya kuzimia moto. Kwenye gemu Onix ni wa aina za Mwamba na Ardhi: umeme haumdhuru hata kidogo, alowe asilowe. Hilo halina mjadala.

Kinachosumbua ni pembe ya Rhydon, Pokémon mwingine wa Mwamba na Ardhi. Katuni inaifanya udhaifu: Pikachu anaipiga kwa umeme na Rhydon anaumia. Uwezo wa Lightning Rod (kuvuta umeme), ambao Rhydon anaweza kuwa nao, ulikuja kwenye gemu 2002, na tangu 2010 umeme humwongezea mwenye nao nguvu! Je, nitumie gemu ya wakati katuni ilipotoka au kanuni za gemu za sasa? Na gemu ya Pokémon Yellow ya 1998, iliyotengenezwa kuifuata katuni, niitupe?