Roki, metali au kelele tu? Nipange vipi folda za kibandani

Mwenye Kibanda (Tabora), mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi hapa Tabora mjini, jirani na stendi. Bongo Fleva, singeli, kwaya na taarabu hazinisumbui: mteja anataja msanii, naingiza, analipa, anakwenda. Shida yangu ni folda moja iliyoandikwa ROKI. Humo kuna Bryan Adams, kuna Scorpions, kuna Slayer, na sijui nani aliwatia Westlife na Don Williams.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniomba roki za taratibu za kusikiliza njiani kwenda Mpanda. Nikamwagia folda nzima bila kuchuja. Leo karudi. Anasema walimpa kondakta flashi ile, na kabla ya Sikonge abiria wakadhani spika imepasuka. Nimemrudishia buku lake na kuomba radhi.

Sasa napanga upya, na naona njia tatu. Folda ibaki moja na mteja achague mwenyewe. Au ziwe mbili, Roki na Metali, yaani ile nzito zaidi ya magitaa makali. Au kila aina ipate yake: hadi roki (hard rock, roki ngumu), hevi metali, thrashi, dethi, blaki, nyu metali na kuendelea. Ipi itanisaidia, na mstari nauchora wapi? Hata maoni ya kuudhi ruksa.

Dada Nzito

Ya tatu, bila kupepesa. Mimi ni mteja wa vibanda kama chako na hakuna kinachoniudhi kama kuomba thrashi nikapewa dethi. Thrashi ni Metallica wa mwanzo, Megadeth, Slayer, Anthrax: gitaa linakatakata, kiganja kimebana nyuzi, na mwimbaji unasikia anagombana na nani. Dethi sauti inatoka tumboni, maneno utayasoma kwenye karatasi. Mtu anayetaka moja hataki nyingine. Ni sawa na kuagiza mgebuka ukaletewa dagaa kwa sababu wote wametoka ziwani.

Fundi Redio

Dada, ya tatu itamfilisi huyu ndugu. Hebu muoneshe Metallica wanakaa wapi. Albamu ya 1983 ni thrashi, sawa. Ile ya 1991 yenye jalada jeusi je? Maoni yangu yasiyopendwa: ile si thrashi hata kidogo, ni hadi roki iliyovaa koti la ngozi. Mwendo umepunguzwa, nyimbo zimefupishwa, ngoma zinapigwa kama za uwanja wa mpira. Na ndiyo iliyouza kuliko zote walizowahi kutoa. Sasa bendi moja utaikata vipande, mguu folda hii na kichwa folda ile? Mteja akiuliza "Metallica iko wapi" utaanza kumfundisha historia huku foleni inasubiri?

Dada Nzito

Kuhusu 1991 sikupingi, ingawa umeniuma. Lakini mwendo peke yake si hoja. Black Sabbath wanakwenda polepole kuliko hata hiyo albamu yako nyeusi na hakuna anayewatoa kwenye metali.

Bangwe (Kigoma)

Nimechelewa, umeme ulikuwa umekatika. Mimi nakwenda na folda mbili, na mstari nitakuonesha ulipo. Sikiliza gitaa, acha makelele. Roki bado ina bluzi ndani yake, ule muziki wa Wamarekani weusi, inayumba, mwili unacheza wenyewe. AC/DC ni roki hata ukifungulia mpaka dirisha litetemeke. Metali imeitoa bluzi ile ikabakiza uzito.

Na uzito wenyewe ulianza na ajali. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwanda kule Birmingham. Alipokuwa na miaka 17 mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni wa shoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na ilipofika albamu ya 1971 akawa anazilegeza kabisa zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nene. Watu wote waliokuja nyuma wakaiga dawa ya kidonda cha mtu mmoja.

Halafu, mleta mada, mbona hujataja Zamrock, roki ya Zambia? Zambia ni majirani zetu wa ziwa hili hili, meli ya Liemba ilikuwa inatoka hapa Kigoma hadi Mpulungu. Miaka ya 1970 vijana wa kule walipiga magitaa ya kukwaruza ambayo Ulaya wameanza kuyatafuta juzi juzi. Bendi ya WITCH, na mwimbaji wao Jagari Chanda aliyechukua jina kwa Mick Jagger wa Rolling Stones. Amanaz, albamu yao *Africa* ya 1975. Mwafrika akisema roki ni ya Wazungu huwa namwekea hiyo, halafu nanyamaza.

Mpitanjia

Naongezea la kuudhi: wa kwetu kuliko wote ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Unguja, 1946. Watu wanamweka Queen kwenye roki laini. Katafuteni "Stone Cold Crazy" ya 1974. Metallica waliirudia wakapewa Grammy, tuzo ya muziki ya Marekani, upande wa metali mwaka 1991. Wimbo ule ule!

Fundi Redio

Grammy usiitaje hapa. 1989 walipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya hadi roki na metali, Metallica wakiwa wamekaa tayari, waliwapa Jethro Tull. Bendi ambayo kiongozi wake anapiga filimbi. Filimbi!

Mjukuu wa Segere

Nimewasoma wote. Mimi ni mtu wa dansi, metali nalazimishwa na mwanangu, lakini kuna jambo hamlioni.

Hapa Tabora hatukusubiri gazeti la Uingereza lituambie tunapiga nini. Tabora Jazz walisema mtindo wao ni Segere Matata, basi ikawa Segere Matata. Western Jazz, walioitwa hivyo kwa kuwa asili yao ni huku kwetu magharibi, wakasema Saboso. Mlimani Park wakaja na Sikinde, Vijana Jazz wakawa na Pamba Moto. Ukivipanga mezani vyote ni dansi: solo, rithimu, besi, tarumbeta. Lakini jina lilikuwa mali ya bendi, na shabiki hakuwa na ubavu wa kulibadilisha.

Hao wenu ni kinyume. Jina linashonwa na msikilizaji, bendi inavalishwa kwa nguvu. Yule Lemmy, kiongozi wa bendi ya Motörhead, mpaka anafariki 2015 alikuwa anasema wanapiga rokenroli tu. Nani alimsikiliza? Dada hapo juu bila shaka kamweka kwenye metali.

Dada Nzito

Shikamoo mzee. Kweli nimemweka, na simtoi.

Ila si wote waliovalishwa. Bendi ya Venom wa Newcastle, Uingereza, walijiita wenyewe: 1982 walitoa albamu inayoitwa *Black Metal*. Kama Segere Matata kabisa. Kilichofuata ndicho cha ajabu. Miaka kumi hivi baadaye vijana wa Norwe walilichukua jina wakalijaza muziki mwingine, gitaa kama upepo wa baridi, ngoma mbio mbio. Leo mteja wa blaki metali ukimwekea Venom atakuambia umekosea folda. Mwenye jina amehamishwa nyumba yake mwenyewe.

Mjukuu wa Segere

Marahaba mwanangu. Hiyo nimekubali. Sisi bendi ikivunjika jina linakwenda nayo kaburini, au mashabiki wanagombana nalo baa. Hatukuwahi kuwaazimisha wageni.

Bangwe (Kigoma)

Mzee, hata Zamrock inatajwa kuwa jina lilitoka kwa mtangazaji wa redio, si kwa bendi. Kwa hiyo Afrika nayo tuna waliovalishwa.

Mwenye Kibanda (Tabora), mleta mada

Wakuu, nimekaa na kompyuta tangu saa mbili usiku, nimefanya hivi. Folda ya kwanza ni Roki za Taratibu: Scorpions zile za mapenzi, Bryan Adams, na namba ya simu ya yule mama nimeibandika ukutani nimwite. Ya pili ni Roki: AC/DC, Queen. Ya tatu ni Metali, ndani yake nimepanga kwa jina la bendi, sijaandika thrashi wala dethi popote. Metallica wako pamoja wote, na 1991 yao. Dada Nzito ukija nitakuchujia kwa mkono, si unajua unachotaka. Westlife nimewahamisha, Don Williams nimemwacha kwa sababu wazee wa hapa wanamwita roki na wao ndio wanaolipa bila kuomba punguzo.

Slayer wamenishangaza. Albamu yao ya 1986 ina nyimbo 10 na inaisha dakika 29. Kwa wanaolipa kwa wimbo inanifaa sana.

Bangwe, zile za Zambia unazo kwa ubora gani? Kama ni 128 kbps, faili zilizobanwa sana, usitume, zinakwaruza kuliko walivyokusudia wenyewe.

Bangwe (Kigoma)

Ninazo 320. Kesho nikipata bando.