Naomba ushauri: nifundisheje chanzo cha vita vya Biafra bila kuishia kwenye "ukabila"?

Mwalimu_Mwanga:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia kidato cha tano na sita hapa Kigoma mjini. Ijumaa ijayo nina vipindi viwili mfululizo, kisha mdahalo wa shule nzima kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, 1967 hadi 1970, pale Mashariki ya nchi ilipojitenga kwa jina la Biafra. Nimewapa zoezi la awali, karibu darasa zima wameandika chanzo ni ukabila, wakaweka nukta. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni ukabila, mbona sisi tuna makabila zaidi ya mia moja na hatupigani?" Mwenzake akamjibu kwamba Watanzania ni wapole. Darasa likaridhika.

Mimi sikuridhika. Humo ndani wamo watoto ambao wazazi wao walivuka ziwa wakikimbia vita. Kuwaambia kwamba wenzetu wanauana kwa sababu ndivyo walivyo, na sisi tumesalimika kwa sababu ndivyo tulivyo, ni kuwatukana. Mwenzangu wa Jiografia anasema nifundishe mafuta, mengine yote mapambo. Nianzie wapi, na uzito niuweke wapi?

Mgebuka:
Mafuta, mkuu. Yalipatikana Oloibiri, kusini mwa Nigeria, 1956, vita vikaja. Fuata pesa.

Mzee_wa_Ujiji:
Mwanangu Mwalimu, anzia 1914. Mwaka ambao reli ya Wajerumani ilifika hapa Kigoma ndio mwaka ambao Lugard, gavana Mwingereza, aliunganisha Kaskazini na Kusini ya Nigeria, wenyewe hawakuulizwa. Bajeti ya Kaskazini ilikuwa na pengo, Kusini kulikuwa na ushuru wa forodha, Mwingereza akataka pesa za huku zizibe pengo la kule. Hazina akaziunganisha, lakini watu akaendelea kuwatawala mbalimbali. Kaskazini alitawala kupitia maamiri na akawabana wamisionari, kwa hiyo shule za kizungu zikawa chache. Kusini zikaenea. Ndiyo maana kazi za ukarani, posta na reli huko Kaskazini zilishikwa na watu wa Kusini, hasa Waigbo, nao wakapangiwa mitaa yao nje ya mji wa zamani, iitwayo Sabon Gari. Mtoto wa Kano anakua akimwona Mwigbo dirishani anakata tiketi za treni, lakini hajawahi kukaa naye dawati moja. Wasimamishe hapo kidogo, hicho ndicho kitu ambacho neno "ukabila" linakificha.

Kisha katiba ya 1946 ikaigawa nchi kanda tatu, na Kaskazini peke yake ikawa kubwa kuliko nyingine mbili zikijumlishwa. Kila kanda ikawa na chama chake: NPC Kaskazini, Action Group Magharibi, NCNC Mashariki. Siasa ikawa kuhesabu vichwa. Sensa ya 1962 ikafutwa, ya 1963 ikagombaniwa, uchaguzi wa 1964 ukasusiwa. Huku kwetu TANU ilikuwa na matawi Kigoma kama Lindi, na halikuwepo kabila la kushinda peke yake. Yule binti mjibu hivyo. Upole haumo.

Binti_Kasulu:
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila ukianzia 1914 na kwenda moja kwa moja, watoto wataona vita vilikuwa vimeandikwa. Kanda zile zilikaa miaka ishirini bila vita. Mwalimu, mimi nusu ya muda ningeitumia kwa mwaka 1966 tu.

15 Januari maofisa vijana wa jeshi, wengi wao Waigbo, wanapindua. Anauawa Waziri Mkuu Balewa, anauawa Ahmadu Bello kiongozi wa Kaskazini, na Akintola wa Magharibi. Kiongozi wa Mashariki anabaki hai. Anayeishia kushika nchi ni Jenerali Ironsi, naye Mwigbo, japo hakuwa mpangaji, na Mei anafuta kanda zote kwa amri moja. Jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Kaduna, huko Kaskazini, utaelewa nini? Julai wanajeshi wa Kaskazini wanamuua Ironsi, Gowon, naye mwanajeshi wa Kaskazini, anashika nchi. Septemba na Oktoba Waigbo wanauawa kwa maelfu, kwenye Sabon Gari hizohizo alizozitaja mzee. Zaidi ya milioni moja wanarudi Mashariki, kwa treni na malori, na dola haikuweza kuwalinda. Mtu akishashuka kituo cha Enugu na maiti ya nduguye, humwambii tena habari za Nigeria moja.

Mgebuka:
Na mafuta, dada?

Binti_Kasulu:
Yamo, kaka, lakini yanaingia mwishoni. Januari 1967 walikaa Aburi, Ghana, siku mbili, Gowon na Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, meza moja, wakakubaliana kulegeza muungano. Gowon aliporudi Lagos, maofisa wake wakuu wakamwonyesha alichokitoa, utekelezaji ukapinda. 27 Mei akatangaza majimbo 12, Mashariki ikakatwa vipande vitatu, na Port Harcourt, bandari ya mafuta, ikaangukia jimbo la Rivers, nje ya eneo la Waigbo. Siku tatu baadaye Ojukwu akatangaza Biafra, na 6 Julai risasi zikaanza. Watu wadogo wa Mashariki, kama Waijaw na Waogoni, wengi wao walilipokea jimbo lao kwa furaha. Ukisema "Mashariki ilijitenga" bila kuwataja, umewafuta.

Kibirizi_Bandarini:
Na Nyerere kuitambua Biafra je? Wanafunzi lazima waulize.

Mzee_wa_Ujiji:
Mtaje, ila si kwenye vyanzo. Tanzania ilikuwa ya kwanza, 13 Aprili 1968, vita vina miezi tisa. Hoja ya Nyerere inasaidia lakini: umoja unasimama kwa ridhaa ya watu, na watu hutaka kwanza dola iwahakikishie uhai. Hiyo inarudi palepale pa treni alipopasema binti.

Mwalimu_Mwanga:
Asanteni sana, nimenufaika. Mada ya mdahalo nimeibadilisha: "Makubaliano ya Aburi yangetekelezwa, vita visingetokea." Upande wa kupinga ataongoza kijana wa "sisi ni wapole", ili alazimike kusoma habari za 1966. Mzee, Ijumaa saa nane mchana karibu shuleni.

Mzee_wa_Ujiji:
Nitakuja. Chora ramani ya kanda ubaoni mapema, halafu ya majimbo 12 ichore juu yake kwa chaki ya rangi nyingine. Port Harcourt itie alama nyekundu.