Rova yenye marekebisho ya mtandao wa vituo, au kituo-msingi chako mwenyewe?

Mpimaji Chipukizi

Habari zenu wakuu. Ninajiandaa kununua vifaa vya GPS vya upimaji wa ardhi, nami nimekwama kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kununua rova moja (kipokezi cha GPS kinachobebwa kutoka pointi hadi pointi) na kulipia marekebisho yanayotoka kwenye mtandao wa vituo vya kudumu kupitia intaneti ya simu. Ya pili ni kununua jozi kamili, kituo-msingi (kipokezi kinachokaa mahali pamoja na kuitumia rova marekebisho) na rova, ili nisimike kituo changu kila ninapofika kazini. Napima viwanja vya mjini na pia mashamba yaliyo mbali sana na barabara. Je, tofauti ya usahihi inatosha kuniamulia?

Bikoni Kumi

Ndugu, usahihi peke yake hautakuamulia, kwa kuwa kanuni ni ileile: kipokezi kilichotulia mahali panapojulikana hugundua makosa ya ishara za setilaiti, na rova huyatumia kujirekebisha papo hapo. Watengenezaji wengi huandika usahihi wa mlalo wa takriban milimita 8 pamoja na sehemu 1 kwa milioni, na wima karibu mara mbili ya hapo. Hiyo sehemu moja kwa milioni ndiyo ya kutazama, maana ni milimita 1 kwa kila kilomita inayokutenga na kituo. Ukiwa kilomita 3 kutoka kituo chako haina uzito. Ukiwa kilomita 30 imeshapita ule usahihi wa msingi, na ionosfea (tabaka la juu la anga linalochelewesha ishara) ya hapo ulipo haifanani tena na ile ya juu ya kituo, hivyo rova huchelewa kupata jibu thabiti au hushika jibu lisilo sahihi.

Mtandao unalitatua hilo kwa kukadiria makosa ya eneo zima kutoka vituo kadhaa, kisha kukutengenezea kituo cha kufikirika jirani na ulipo. Ndiyo maana katika mfumo huo rova hutuma kwanza mahali ilipo kwenye seva. Faida hiyo, hata hivyo, ni ya aliye ndani ya eneo lililozungukwa na vituo. Aliye nje hupewa makadirio ya kubahatisha.

Tripodi

Kwa viwanja vya mjini, mtandao bila kusita. Hakuna tripodi ya kulinda wala betri kubwa ya kubeba, na majengo hayakati redio kwa sababu redio haipo. Shambani mambo hugeuka. Marekebisho hayali data nyingi, lakini yanataka ishara isiyokatika, na mahali ambapo simu inashika kwa kubahatisha utashinda ukiisubiri rova. Kituo-msingi chenye redio ya UHF hakihitaji mnara wa simu. Kumbuka tu kuwa kilima kimoja kinaweza kuifunika redio, na kwamba masafa ya redio huhitaji kibali.

Mzee wa Vipimo

Wanangu, mmeongea juu ya umbali na ishara, ilhali jambo zito zaidi ni nani anayeshika kuratibu (namba za mahali) za rejea. Ukitumia mtandao, kuratibu za vituo zimewekwa na wenye mtandao, katika mfumo wa rejea waliouchagua na kwa tarehe ya rejea waliyoichagua, kwa kuwa mabamba ya dunia husogea sentimita kadhaa kwa mwaka. Ikiwa bikoni (alama za ardhini zilizokwisha kupimwa) za zamani za eneo lako zilipimwa katika mfumo mwingine, tofauti inaweza kufika hata mamia ya mita, na rova haitakuonya. Ukitumia kituo chako, wajibu huo wote ni wako. Wapo wanaobonyeza kitufe cha kukifanya kituo kijitafutie mahali pake chenyewe. Pointi zote hupatana vizuri, lakini shamba zima limehama mita kadhaa, na kesho yake kituo kikisimikwa kwa namna hiyohiyo, kazi ya leo haiungani na ya jana.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, gusa bikoni unayoiamini kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kona muhimu zipime tena baada ya muda, setilaiti zikiwa zimehama, badala ya kurudia kipimo papo hapo na kujipongeza kwamba vimelingana. Urefu nao una mtego: GPS hutoa urefu juu ya elipsoidi (umbo laini la kihesabu la dunia), kwa hiyo bila modeli ya jeoidi (umbo linalofuata usawa wa bahari) usimpe mtu wa mifereji namba hizo.

Mpimaji Chipukizi

Shikamoo, Mzee, na asante. Je, nikifika shamba ambalo halina bikoni ya kuaminika karibu?

Mzee wa Vipimo

Marahaba. Simika kituo chako, kiache kirekodi data ghafi (vipimo vya setilaiti kabla ya kukokotolewa) kwa saa 2 au zaidi wakati unapima, kisha ipeleke kwenye huduma ya bure ya ukokotoaji, kama AUSPOS ya Australia au OPUS ya Marekani. Ukipata kuratibu halisi za kituo, pointi zote zinasogezwa kwa pamoja. Hakikisha tu umeandika urefu wa antena na aina yake, na umeupima urefu huo mara mbili.

Bikoni Kumi

Mimi ningenunua vipokezi viwili vinavyofanana, kila kimoja kikiweza kuwa rova au kituo-msingi, kisha nilipie mtandao kwa miezi yenye kazi za mjini pekee.

Tripodi

Hapo siafikiani nawe kwa anayeanza. Kipokezi cha pili ni mtaji uliolala ikiwa kazi nyingi ni za viwanja. Anunue kimoja chenye nafasi ya redio ndani na uwezo wa kurekodi data ghafi, na kwa mashamba ya mbali akodi kituo hadi kazi hizo zitakapokuwa nyingi kiasi cha kulipa cha kwake. Kabla ya kulipa, ahakikishe redio ya kitu anachokodi inatumia itifaki (utaratibu wa kupashana data) ileile ya rova yake, kwani masafa kufanana hakutoshi.