Kansa ya utando wa pafu (mesothelioma): mionzi ya vipindi 5 au wiki 5?

Wakuu, mgonjwa ana miaka 67, ugonjwa uko upande wa kulia, hajapasuliwa. Anaumia ubavuni, sehemu moja. Achague mionzi ipi? Na kovu la mrija wa kutolea maji kifuani lipigwe mionzi kwa kinga? Tuko Dodoma.

Jibu 1
Pole mkuu. Ile ya wiki 5 na zaidi, takriban Gy 50 (Gy, yaani gray, ni kipimo cha mionzi) kwa Gy 1.8–2 kila kipindi, hulenga upande mzima wa kifua na kwa kawaida hufuata upasuaji. Yeye pafu bado limo ndani ya utando huo, litaungua. Na pafu la upande wa pili, lisilo na ugonjwa, likipokea nalo mionzi mingi, kuvimba kwake kunaweza kuua. Kwa maumivu ya sehemu moja ombeni Gy 20: Gy 4 kwa siku, vipindi 5. Nafuu huchukua wiki kadhaa, morfini isikatwe. Nafuu ya pumzi msiitegemee kwenye mionzi. Hiyo ni kazi ya kutoa maji.

Jibu 2
Kovu liacheni. Utafiti wa SMART wa Uingereza (2016) haukuona faida ya kinga. Kikiota kinundu kinachouma, ndipo.

Jibu 3
Kwa mionzi nendeni Ocean Road (Dar) au Bugando (Mwanza). Kabla ya kusafiri (kwa Dar ni treni ya SGR), chukueni picha za CT kwenye CD, siyo karatasi ya majibu tu, na ripoti ya patholojia. Alama za wino zinazochorwa kwenye ngozi kulenga mionzi zisiguswe na dodoki, zikifutika vipimo vinarudiwa. Wakati wa kupigwa mionzi mkono hukaa juu ya kichwa muda wote. Kama unauma, morfini ya maji nusu saa kabla.