Hadithi ya baada ya anguko: manusura waanzie Goma, Bukavu au Lubumbashi?

Kalamu_Ndosho (Goma)

Jambo kwenu wote. Kuna riwaya inapangwa, ya manusura 2,000. Nchi yetu ya Kongo imeanguka, petroli imekwisha, simu zimenyamaza, hakuna lori linalofika. Uchawi hakuna, na ghala la siri lenye kila kitu hakuna. Swali ni mji gani unafaa kuwa mwanzo mpya.

Naweka ulinganisho wangu, mnipige mawe baadaye. Goma ina udongo wa volkano wa Masisi na Rutshuru, misimu miwili ya kulima, Ziwa Kivu lenye sambaza (samaki wadogo), na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, ambazo hazinywi petroli. Bukavu ina mto Ruzizi na mitambo yake ya umeme: Ruzizi I ya miaka ya 1950 na Ruzizi II ya 1989. Lubumbashi ina shaba, reli na karakana. Mimi naelekea Goma, maana tumbo halingoji.

FundiKadutu (Bukavu)

Ndugu Kalamu, umeanza na tumbo ukaruka koo. Ndani ya Goma hakuna mto: mvua inanyesha, mawe ya lava yanaimeza. Maji ni ya ziwa, na pampu zikizimika yanapanda kwa nguvu za watu. Piga hesabu: lita 15 kwa mtu kwa siku, watu 2,000, ni lita 30,000, yaani bidoni 1,500 za lita 20. Chukudu ikibeba bidoni kumi, ni safari 150 kila siku. Na chukudu inasifiwa kwa sababu inateremka na viazi na makala kutoka Kibumba, juu ya mji. Maji yanaenda upande wa pili, yanapanda. Weka wasukumaji wawili kwa kila moja.

Halafu kipindupindu. Klorini ya maji inapoteza nguvu ndani ya miezi. Ya unga inadumu zaidi ikikaa pakavu, lakini nayo ina mwisho. Manusura wajenge kichujio cha mchanga cha mwendo wa polepole. Maji yashuke sentimita 10 kwa saa, sawa na mita 2.4 kwa siku. Kwa lita 30,000 unahitaji eneo la mita za mraba 12.5. Jenga viwili, kimoja kikisafishwa kingine kinafanya kazi. Chini kokoto, juu mchanga mwembamba uliooshwa, unene kama mita 1, na juu yake maji yasikauke kamwe.

Kinachosafisha hasa ni utando wa viumbe wadogo unaoota juu ya mchanga, na huo unataka wiki mbili au tatu. Kabla ya hapo maji yachemshwe. Kosa ambalo mhusika wako atafanya: ataona maji yanapita pole, atachimbua mchanga wote. Hapana. Kwangua sentimita 1 au 2 za juu tu, basi. Akichimbua wote, au akiacha kikauke, utando unakufa na mji unakunywa maji machafu huku unaamini ni safi. Hiyo ni sura nzima ya kitabu.

Katuba_Shaba (Lubumbashi)

Mnabishania maji na sisi tuna shaba! Bila chombo cha kulimia, udongo wa Masisi ni mandhari tu.

Katanga watu waliyeyusha malakiti, mawe ya kijani yenye shaba, karne nyingi kabla ya reli kufika hapa 1910, na walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Waliyeyusha wakati wa kiangazi. Manusura wanaweza kufuata njia ileile: tanuri la udongo wa kichuguu, kwa sababu unastahimili moto na vichuguu vikubwa viko kila upande, mivukuto ya ngozi, makala ya miti ya miombo, mawe ya kijani yaliyopondwa kama punje za mahindi. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1,085, na tanuri lipite hapo kidogo ili uchafu utengane. Makala ndiyo yanaumiza: kwa tanuru ya udongo ya kuchomea makala, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 hadi 7 za kuni.

Pia tuna ule mlima wa mabaki ya kiwanda pale mjini. Manusura wanauchimba tu.

Kichuguu (Likasi)

Yaya Katuba, hapo nakusimamisha. Mlima ule si shaba inayongoja sufuria. Ni takataka za tanuri: shaba iliyobaki ni kidogo, na kilichowavutia watu wa viwanda ni kobalti na zinki, ambazo kuzitoa kunahitaji tanuri kubwa la umeme na kemia. Mtu wa mivukuto ataunguza msitu na kubaki na kioo cheusi.

Na kwa miaka 30 ya kwanza malakiti nayo haina maana. Mji umejaa shaba iliyokwisha safishwa: nyaya, mota, transfo. Menya plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Mafuta ya transfo za zamani yanaweza kuwa na kemikali mbaya sana, yasipikie, yasiwashie taa. Ukitaka kitu cha thamani, changanya sehemu 9 za shaba na 1 ya bati (étain, si mabati ya paa). Bati linayeyuka kwenye digrii 232 tu, kwa hiyo shaba iyeyuke kwanza, bati lifuate mwishoni, ukoroge kwa mti mbichi na kumimina haraka. Ukianza na bati, sehemu yake itaungua kabla shaba haijalainika.

Majembe lakini si kazi ya shaba. Ni kazi ya resoru (springi) za magari. Chuma chake tayari ni chembamba na kina kaboni ya kutosha. Reli ni chuma kizuri pia, ila kuikata bila gesi ni siku nzima ya patasi na nyundo, na mkiimaliza mmekula barabara yenu wenyewe.

Mama_Kabare (Bukavu)

Wanangu, tumbo mmelitaja halafu mkaliacha. Lubumbashi ina msimu mmoja wa mvua. Unapanda Novemba, na miezi ya Januari na Februari ndipo ghala linakuwa tupu na shamba bado bichi. Watu 2,000 kwa gramu 450 za mahindi kwa siku ni kilo 900, tani 328 kwa mwaka. Udongo ule ni mchovu na una asidi. Bila mbolea hesabu tani 1 kwa hekta, usijidanganye. Ondoa hasara ya wadudu, ondoa mbegu, unafika hekta 420 za jembe la mkono. Na mahindi ya mbegu chotara ukiyapanda tena yanashuka mwaka wa pili. Mhusika mwenye akili anatafuta mbegu za kienyeji kabla ya kutafuta bunduki.

Huku Kivu maharage yanaiva kwa miezi mitatu hivi, mara mbili kwa mwaka, na kwenye mabonde yenye maji unapata msimu wa tatu. Muhogo unakaa ardhini kama benki. Viazi vya juu ya Goma ni vizuri, lakini hekta moja inataka kama tani 2 za viazi vya mbegu. Mwenye njaa atavila. Nani atavilinda, na kwa haki gani? Hapo ndipo jamii inajengwa au inavunjika, si kwenye mtambo.

Tena waandishi wengi wanaandika kama ardhi ilikuwa inawangoja. Kabare na Ngweshe, hapa milimani kwetu, zina mwami (mtawala wa jadi), zina kalinzi: unapewa shamba kwa kutoa kitu, na kitu kile kinakufunga kwa aliyekupa. Manusura wa mjini wakipanda mlimani na majembe yao mapya, swali la kwanza wataulizwa ni la nani aliwapokea.

Kalamu_Ndosho

Mama, hilo la kalinzi nalichukua lilivyo, asante. Basi Bukavu? Taa zinawaka tangu siku ya kwanza?

FundiKadutu

Haziwaki, na hapa nitaumiza mji wangu mwenyewe. Mtambo mkubwa ukizimika hauwashwi kwa mkono. Unahitaji betri za kuendesha vidhibiti na kuamsha jenereta, na betri zile zinakufa baada ya miaka michache. Turbini iliyojengwa kwa megawati kadhaa ukiipa mzigo wa nyumba 200 itatetemeka na kujila. Na Ruzizi inashuka na plastiki ya mji mzima. Vizuizi vya mlangoni vinaziba hata leo kukiwa na wafanyakazi. Watu wakiondoka, chupa zilizolala kwenye mitaro ya milima zitaendelea kushuka kila mvua kwa miaka.

Manusura waache bwawa, wachukue kijito cha pembeni. Nguvu kwa kilowati ni 9.81 mara mita za ujazo kwa sekunde, mara mita za mteremko, mara ufanisi. Lita 50 kwa sekunde zikishuka mita 10, kwa ufanisi wa asilimia 60, ni karibu kilowati 3. Inaonekana ndogo, lakini inaendesha mashine ya kusaga na kuchaji betri za taa. Ukikosa turbini, geuza pampu ya maji izunguke kinyume. Mota yake inakuwa jenereta ukiifunga kapasita. Mzigo ukikatika ghafla itazunguka kupita kiasi, kwa hiyo weka mzigo wa akiba, waya wa kupashia joto, kama wa hita, ndani ya pipa la maji.

Kinachokufa kwanza ni bearing, kile kishikilio ambamo mhimili unazunguka. Gogo gumu lililolowa mafuta linasaidia kwa muda. Kisha unataka shaba iliyochanganywa na bati.

Kichuguu

Ambayo bati lake liko kwenu. Kasiterite ya Kivu, mawe yanayotoa bati, na shaba yetu.

Katuba_Shaba

Na njia ipo bila petroli: reli kutoka Lubumbashi kupitia Kamina na Kabalo hadi Kalemie, kitoroli cha kusukuma kwa mikono kinatosha kwa mizigo midogo, madaraja yakiwa hayajaanguka. Kalemie hadi Uvira kwa mashua. Kisha panda kutoka uwanda wa Ruzizi hadi Bukavu, karibu mita 700 za mwinuko. Bukavu hadi Goma ni ziwa tena. Safari ya miezi, si ya siku. Kilo 20 za shaba kwa kila mbebaji, na kwenye uwanda wa chini malaria inawangoja.

Mama_Kabare

Kwa malaria, mashamba ya kinkona, mti wa kwinini, yapo kuzunguka Bukavu. Gome la mti uliokomaa, si mche. Lakini andikeni ukweli: gome lililochemshwa halina kipimo kinachojulikana. Masikio yakianza kuvuma, dozi imezidi au inakaribia kuzidi. Mganga wenu aandike kila mti, kila kikombe, kila mgonjwa. Daftari hilo lina thamani kuliko gome.

Birere_Usiku (Goma)

Mmeizika Goma mapema mno, lakini pia hamjataja kinachoiua. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava 1977, 2002 na 2021. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Bila mitambo ya kupima mitetemeko, manusura hawatapata onyo la kueleweka. Halafu mazuku: gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala mabondeni hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Waandishi wanapenda kumpa mhusika mshumaa. Mshumaa unapozimika yeye naye yuko karibu kuanguka. Kanuni ya kweli ni rahisi zaidi: usilale bondeni, usimwinamie aliyeanguka, angalia kama kuna mbuzi au ndege waliokufa.

Na kuhusu metani ya ziwa, ambayo najua Kalamu ataitamani: iko kwenye maji ya kina cha mita 300 na zaidi. Mita 1 ya ujazo ya maji hayo ina kama lita 400 za metani, ila gesi ya kaboni iliyomo ni mara tano hivi. Bomba likishaanza, povu linajivuta lenyewe juu. Ugumu ni kuiondoa gesi ya kaboni, na kuyarudisha maji yale kwenye kina chake bila kuchafua tabaka. Iweke mwaka wa 20 wa hadithi, si wa 2.

Lakini Goma ina kitu kimoja mmekisahau: majivu ya volkano. Yasage, yachekeche, changanya sehemu 2 au 3 na sehemu 1 ya chokaa, unapata saruji isiyohitaji kiwanda, inayoganda hata ndani ya maji. Mawe ya chokaa yapo Katana, upande wa Bukavu, na kuyachoma ni digrii 900 tu. Vichujio vya FundiKadutu, matangi, kuta za kijito chake, vyote vinajengwa kwa hiyo.

Kalamu_Ndosho

Basi nabadilisha mpango. Makao Bukavu, wachoma chokaa Katana, wachimba majivu Goma wanaoishi kambini na kulala juu, si bondeni. Lubumbashi inaingia kitabu cha pili kwa sauti tu, kupitia mtu mmoja anayefika na misalaba ya shaba mgongoni. Sura ya tano: pirogi (mtumbwi) imejaa chokaa inatoka Katana usiku, mvua inaanza.

FundiKadutu

Chokaa ipi? Ikiwa ni ile hai, iliyotoka tanurini bila kuzimwa, maji ya mvua yataichemsha na pirogi ya mbao itaungua katikati ya ziwa, abiria wakiwa na macho yaliyochomwa. Mhusika anayejua kazi anaizima ufukweni: shimo, maji kwanza, chokaa kidogo kidogo juu yake, uso umefunikwa, kisha anapakia uji mzito kwenye mapipa yenye kifuniko. Uji huo unakaa miezi bila kuharibika. Asiyejua kazi anapakia magunia.

Kalamu_Ndosho

Anapakia magunia.