Tupeane uzoefu: kumpeleka binti kwa daktari wa kina mama, na safari ya kutafuta mtoto

Mama Zai, Tanga
Shoga zangu, naanza na la kwangu. Binti yangu ana miaka 14. Kwa karibu miezi sita tumbo la chini lilikuwa likimkamata siku tatu nne, anajikunja kitandani, halafu linaachia. Damu hakuna. Nyumbani tukaambiana ni chango, tukamchemshia mizizi. Lakini nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: linarudi kila baada ya siku 28 au 29. Siku mkojo ulipogoma kutoka ndipo nikambeba hospitali.

Kilichonichelewesha ni hofu kwamba daktari wa wanawake atamwingiza vyombo amharibie usichana wake. Haikuwa hivyo kabisa. Utrasaundi alipimwa juu ya tumbo, kibofu kimejaa. Kisha akaangaliwa kwa nje tu, nimemshika mkono. Kabla ya hapo daktari aliniomba nitoke, akaongea na mtoto peke yake. Lilinichoma, ila baadaye nilielewa, maana kuna maswali mtoto hawezi kuyajibu mbele ya mama.

Kumbe kizinda chake hakikuwa na tundu, ndivyo alivyozaliwa. Alishavunja ungo, damu ikawa inajikusanya ndani na kukandamiza njia ya mkojo. Alifanyiwa upasuaji mdogo, kesho yake tukarudi nyumbani. Niliomba karatasi ya upasuaji nimwekee, siku ya ndoa yake asije akasingiziwa neno.

Nanyi je? Hata mnaotafuta mtoto, karibuni.

Binti wa Mwanza
Mama Zai, umenitoa machozi. Mimi hedhi ilikuwa ikinilaza tangu kidato cha kwanza. Natapika, nakosa mitihani. Kila mtu: vumilia, ukizaa itaisha. Sasa nina miaka 29, ndoa mwaka wa tatu, mtoto hajaja. Utrasaundi tatu zote zilisema niko sawa. Daktari wa nne ndiye aliyeniuliza, "Maumivu yalianza lini?" Akanipitishia kamera kitovuni, akakuta nyama zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi zimeota nje yake, zimeshikana na mirija. Ugonjwa huo unaitwa endometriosisi. Aliondoa alichoweza, bado natafuta. Miaka 15 ya kuambiwa nizoee inaniuma kuliko kidonda.

Baba wa Likoni
Naomba niingie ingawa ni mwanamume. Mke wangu alipimwa miaka mitatu. Damu, homoni, hata ile picha ya mirija wanayoingiza dawa, akarudi hawezi kukaa. Mimi sikuguswa. Daktari mmoja mama akamwuliza, "Mume yuko wapi?" Nikaenda. Unakaa siku mbili hadi saba bila tendo, unatoa mbegu kwenye kikopo. Zangu zilikuwa chache, mishipa ya korodani imevimba. Nilipasuliwa, nikaambiwa nipime tena baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Mtoto wetu sasa anatambaa. Nilimwomba mke wangu radhi mbele ya mama yangu, kwa sababu mbele ya mama yangu ndipo alipoitwa tasa.

Nesi wa kliniki ya uzazi
Ahsante baba. Wazazi, binti akifika miaka 15 hajaona siku zake, mpelekeni. Akifika 13 na matiti hayajaanza kuota, mpelekeni vilevile. Wanaotafuta mtoto, kama mke hajafika 35 subirini mwaka mmoja wa kukutana bila kinga. Akishafika 35, miezi sita inatosha. Ila kama hedhi inavurugika au inauma hivyo, msisubiri. Nendeni wawili, na daftari la tarehe za hedhi. Ile hesabu ya Mama Zai ni nusu ya kazi ya daktari.

Mama Zai, Tanga
Binti wa Mwanza, ulishawahi kumwambia mama yako haya?

Binti wa Mwanza
Nimempigia jana usiku. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, naye anatapika kila mwezi, walikuwa wananificha nisiwaze. Jumatatu nampeleka kwa daktari yule yule.